Bwana Afya, hawa USPH ni akina nani, na nikiugua tumbo melini nitafukuzwa?

SWALI: Assalam aleikum Bwana Afya. Mimi ni kijana wa Likoni. Nimepata mkataba kwenye meli ya abiria inayotoka Miami kwenda visiwa vya Karibiani. Kazi yangu ni utility wa jikoni, yaani kuosha vyombo, kubeba taka na kusafisha jiko usiku. Waliotangulia wananiambia nimwogope USPH kuliko nahodha. Hawa ni akina nani na wanaangalia nini? Je, ni kweli ukisema unaharisha unarudishwa nyumbani bila mshahara? Halafu wakala ananidai pesa ya "cheti cha USPH" kabla sijasafiri. Nilipe?

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu, na hongera kwa mkataba. Hao USPH ni wakaguzi wa usafi wa meli wa serikali ya Marekani, nitawafikia mbele kidogo. Nitaanza na hilo la kuharisha, maana ndilo linaloweza kukuharibia kazi au kukuokoa, na waliokutangulia wamekueleza nusu yake tu.

Ukiharisha au kutapika ukiwa melini, usiende kazini. Piga simu kliniki ya meli kutoka kabini, hata kama ni saa tisa usiku na zamu yako inaanza baada ya nusu saa. Usipite jikoni kwanza kumuaga msimamizi ana kwa ana, maana hapo ndipo unapoiacha balaa kwenye kitasa cha mlango. Kliniki itakuandika kwenye daftari la wagonjwa wa tumbo, itakupa matibabu na itakuamuru ukae kabini. Kwa masharti wanayofuata wenye meli zinazoingia bandari za Marekani, mtu yeyote anayegusa chakula au vyombo vya chakula haruhusiwi kurudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili ya mwisho ikome, kisha kliniki imwone tena na kumruhusu. Wewe unayeosha sahani umo kwenye kundi hilo, hata kama hupiki yai. Mtu wa mitambo, au mwingine yeyote asiyegusa chakula wala vyombo vyake, ni saa 24. Na unayelala naye kabini moja ataulizwa hali yake, kisha ataulizwa tena, kwa hiyo usimkasirikie nesi akibisha hodi.

Mgonjwa ana kipimo chake. Ni aliyepata choo laini mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au aliyetapika na kuwa na dalili nyingine moja juu yake: kuharisha, msokoto wa tumbo, homa, kuumwa kichwa au misuli. Kwenda msalani mara moja kwa sababu ya pilipili ya jana hakukuingizi kwenye hesabu. Lakini usijipimie mwenyewe. Waachie wenye kazi yao.

Na Flagyl yako iache Likoni. Najua kwetu mtu akiguswa na tumbo tu anakimbilia duka la dawa kununua Flagyl au vidonge vya kufunga choo. Melini mambo hayaendi hivyo. Sehemu kubwa ya milipuko ya tumbo kwenye meli za abiria inatokana na norovirusi, na Flagyl haiui kirusi. Vile vidonge vya kufunga choo navyo vinaficha dalili huku wewe ukiendelea kumwaga virusi chooni na mikononi. Melini hata dawa hizo hutolewa kwa kuandikishwa, na wakaguzi wanaomba orodha ya waliopewa ili wailinganishe na daftari la wagonjwa. Wakiona dawa zimetoka nyingi na wagonjwa walioandikwa ni wachache, hapo maswali yanaanza.

Sasa kuhusu kurudishwa nyumbani na mshahara. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ule ambao mabaharia wanauita MLC, unamtaka mwenye meli akutibu bila kukutoza, na akulipe mshahara kamili muda wote unaougua ukiwa bado melini. Kukaa kabini siku mbili tatu kwa ajili ya tumbo si sababu ya kukurudisha Mombasa. Watu wanaorudishwa ni wale wenye maradhi makubwa ambayo kliniki ya meli haiyawezi, na hao nao wana haki zao za matibabu. Ninachoweza kukubaliana nacho katika maneno ya wenzako ni hiki: msimamizi wako atanuna. Amepungukiwa mtu, na sahani za abiria elfu tatu hazisubiri. Wahudumu wa mezani wanaotegemea bahashishi nao wana lao la kulalamikia. Lakini kununa kwa msimamizi kunapita. Kuficha ugonjwa wa tumbo, katika kampuni nyingi, ni kosa la kufukuzwa kazi, tena unashushwa bandari ya karibu. Kwa hiyo tishio ulilosikia lipo kweli, ila wamekupindulia: anayefukuzwa ni aliyenyamaza.

Ukali huu wote una sababu. Norovirusi inatosha ikiingia kidogo mno. Makadirio ya wataalamu ni kwamba hata chembe 18 zinaweza kumwangusha mtu. Ndani ya saa 12 hadi 48 tangu uipate unaanza kutapika, na ugonjwa wenyewe huisha kwa siku moja hadi tatu, ila mwili unaendelea kuitoa chooni wiki mbili au zaidi baada ya kupona. Ndiyo maana baada ya zile saa 48 bado unanawa kama mtu anayeshukiwa. Na unanawa kwa sabuni na maji ya moto, sekunde 20, kwa kusugua. Ile jeli ya spiriti iliyowekwa mlangoni pa mgahawa haina nguvu kwa kirusi hiki. Ipake kama umeamrishwa, lakini isikutoe kwenye sinki. Glavu nazo vivyo hivyo. Glavu chafu ni mkono mchafu.

Kirusi hiki kiko shuleni, hospitalini, kwenye nyumba za wazee. Kwa jumla ya milipuko inayoripotiwa Marekani, ile ya melini ni sehemu ndogo sana, kama asilimia 1 tu. Jina lake limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, ambako wanafunzi wa shule waliugua mwaka 1968. Lakini melini kinaonekana haraka, kwa sababu watu wanakula pamoja, wanashika vyuma vya ngazi vilevile, na kuna kliniki moja inayohesabu. Januari 2014 meli ya Explorer of the Seas ilipata wagonjwa zaidi ya 600 katika safari moja ya Karibiani, safari ikakatizwa, meli ikarudi New Jersey kabla ya siku yake.

Hapo ndipo tunapowafikia hao USPH. Mabaharia bado wanatumia jina la zamani la Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani, lakini ofisi yenyewe ni mpango wa usafi wa meli ulio chini ya CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya milipuko ya maradhi ya tumbo melini. Kuna kisa kinachonifurahisha: mwaka 1986 CDC iliamua kuachana na sehemu ya kazi hiyo, na waliopiga kelele irudi hawakuwa wananchi peke yao, wenye meli pia walikuwemo. Ukaguzi ukarejea mwaka 1987, na tangu 1988 wenye meli ndio wanaolipia ada ya ukaguzi, kulingana na ukubwa wa meli. Wanajua faida yake. Meli moja ikichafua jina, abiria hawachagui kampuni, wanaahirisha likizo ya meli kabisa.

Meli zinazoguswa ni zile zenye abiria 13 au zaidi zinazofika bandari za Marekani zikitokea nchi za nje. Kila meli inatakiwa ikaguliwe mara mbili kwa mwaka, bila taarifa. Meli inafunga kamba Miami au San Juan alfajiri, na wakaguzi wako gatini wanaonyesha vitambulisho. Alama zinaanzia 100 na kushuka kwa kila kosa. Makosa mazito, yale yanayoweza kumfanya mtu augue moja kwa moja, yanakatwa alama 3 hadi 5 kila moja. Ukipata 86 umepita, ukipata 85 umeanguka. Meli iliyoanguka inakaguliwa upya baada ya wiki chache, tena bila taarifa. Na matokeo hayafungiwi kabatini: alama, jina la meli na maelezo ya kila kosa yanawekwa hadharani mtandaoni, mtu yeyote anasoma. Hilo ndilo linalomfanya nahodha mwenyewe awe na wasiwasi siku hiyo.

Huenda umesikia kwamba ukaguzi ulifutwa. Mwezi Aprili 2025 wafanyakazi wa kiraia wa mpango huu waliachishwa kazi katika punguza-punguza ya serikali ya Marekani, wakabaki maafisa wachache wavaa sare wa Huduma ya Afya ya Umma. Lakini ukaguzi haukufutwa. Usipande meli ukidhani mambo yamelegea.

Mbali na ukaguzi wa ana kwa ana, kuna hesabu inayotumwa kila safari. Kati ya saa 24 na 36 kabla ya kufika bandari ya Marekani, meli inapeleka idadi ya wagonjwa wa tumbo, hata kama ni sifuri. Wakifika asilimia 2 ya abiria au asilimia 2 ya mabaharia, inatumwa taarifa maalumu. Wakifika asilimia 3, mlipuko unatangazwa hadharani kwa jina la meli. Piga hesabu uone: meli yenye mabaharia 1,200, asilimia 2 ni watu 24. Kabini kumi na mbili za watu wawiliwawili. Ukiona jikoni ghafla bafe imeondolewa mikononi mwa abiria, wanapakuliwa na wahudumu, chupa za chumvi zimetoweka mezani na watu wanapita na dawa kali ya klorini kwenye vyuma vya ngazi, ujue idadi imeanza kupanda. Siku hizo utafanya kazi kuliko siku yoyote ya mkataba wako.

Sasa twende pale utakapokuwa wewe, kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Nataka nikae hapa kidogo.

Mashine kubwa ya kuoshea vyombo ina upande mchafu na upande msafi. Anayekwangua mabaki na kupanga sahani chafu haokoti sahani safi upande wa pili mpaka anawe. Usiku mkiwa wawili tu na sahani zinamiminika, hapo ndipo sheria hii inapovunjika, na mkaguzi anajua. Anasimama pembeni, haongei, anatazama mikono yenu tu. Maji ya mwisho ya kusuuzia yanatakiwa yafike nyuzi 82 za Selsiasi, ili uso wa sahani yenyewe ufike 71. Mkaguzi hategemei saa iliyo kwenye mashine. Anapitisha kipimajoto chake ndani ya mashine kama sahani, kikitoka upande wa pili anakisoma. Kwa hiyo unapoanza zamu, tazama joto, liandike kwenye karatasi ya kumbukumbu, na likiwa chini, simamisha mashine uite fundi. Usiandike 82 kwa sababu jana ilikuwa 82. Karatasi iliyojaa tarakimu zilezile mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, inawatia shaka wakaguzi kuliko karatasi yenye siku mbili mbaya na maelezo ya kilichofanyika.

Halafu kukausha. Nyumbani mama anafuta sahani kwa kitambaa na sote tunaona ni usafi. Melini ni kosa. Vyombo vinakauka vyenyewe kwa hewa, na havipangwi vikiwa na maji. Nimemwona mkaguzi akipita karibu na rundo la sahani zinazong'aa, akaacha ya juu, akainua ya tatu, akaigeuza chini ya tochi. Matone mawili. Akainua bakuli, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, akakuta ugumu kidogo wa uji wa asubuhi. Hakusema neno, aliandika tu. Ule ukingo wa chini wa bakuli, meno ya uma, sehemu ya ndani ya mwiko wa matundu: ndiko mabaki yanakojificha, na ndiko utakakotazamwa.

Vingine wanavyovipenda ni mashine ya kukatia nyama, hasa nyuma ya kisu chake, kifungulia makopo, mpira wa mlango wa friji, na sehemu ya ndani ya mashine ya barafu. Ukipangiwa usafi wa usiku, anza na hivyo kabla ya sakafu, maana sakafu inang'aa machoni lakini haigusi mdomo wa mtu. Ndoo zako zitakuwa tatu, ya sabuni, ya maji ya kusuuza na ya dawa, kila moja na rangi yake kulingana na kampuni. Dawa ya klorini ya kupangusia sehemu zinazogusa chakula ni kati ya 50 na 200 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni ya maji, na utapewa vikaratasi vya kupimia. Vitumie. Ndoo iliyochanganywa saa nne asubuhi haina nguvu saa nane mchana, na ile iliyokolezwa mno ni sumu kwenye meza ya chakula.

Sinki la kunawia mikono ni la kunawia mikono. Ukimwaga kahawa humo, ukiosha kitambaa humo, au ukiegesha toroli mbele yake, ni alama zimekwenda. Lazima liwe na maji ya moto, sabuni, karatasi za kukaushia na pipa. Sabuni ikiisha, wewe ndiye uliye karibu, iseme. Na usile chochote jikoni, hata kipande cha mkate kilichobaki. Pete acha kabini, labda ile ya ndoa isiyo na nakshi.

Joto la chakula si kazi yako ya moja kwa moja, lakini lijue, kwa sababu unaweza kuulizwa na kwa sababu ni wewe unayesukuma matoroli. Cha baridi kinakaa nyuzi 5 au chini. Cha moto kinakaa nyuzi 57 au juu. Kilichopikwa kinachopozwa kitoke 57 kifike 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Toroli la nyama likiachwa nje ya chumba cha baridi kwa sababu ya msongamano, umeshaingia kwenye makosa mazito.

Kutokana na hilo nikupe kisa kimoja cha kweli, kwa sababu jambo hili linaweza kukufika. Juni 2013 wakaguzi walipanda meli ya kifahari ya Silver Shadow ikiwa Skagway, Alaska. Walikuta vyakula vinavyoharibika, nyama na vingine, vimehamishwa kutoka jikoni na kufichwa kwenye kabini za mabaharia, ili wakaguzi wasivione. Meli ilipata alama 82, ikaanguka, na habari ikaenea dunia nzima. Fikiria waliokuwa wakilala kwenye kabini zile na masinia ya nyama pembeni ya vitanda vyao. Hawakulianzisha wao. Waliamrishwa na waliowazidi cheo. Siku ukiambiwa "chukua hii upeleke kabini kwako, wamepanda", jibu kwa heshima kwamba huwezi, na mweleze afisa wa afya wa meli au tumia utaratibu wa malalamiko ambao MLC inaitaka kila meli iwe nao. Ninajua kusema ni rahisi kwangu niliyekaa Mombasa. Lakini chakula cha kufichwa kikiwafanya watu waugue, karatasi za uchunguzi zitaanzia kabini kilikokutwa.

Maji na mabwawa ya kuogelea sitayachambua, wewe hayakuhusu sana. Jua tu kwamba maji ya bomba melini yanatakiwa yawe na klorini isiyopungua 0.2 wala kuzidi 5 ppm, yanapimwa saa zote kwenye kona ya mbali kabisa ya meli, na yale mabeseni ya maji moto yanayofoka mapovu yanaangaliwa kwa jicho kali tangu mwaka 1994, meli moja ilipowaambukiza abiria wapatao 50 ugonjwa wa mapafu wa Lejonea kupitia beseni la namna hiyo. Meli ikishindwa kutoa maji yenye dawa, ikishindwa kuhifadhi chakula kwenye joto salama, kuosha na kuua vijidudu kwenye vyombo, kutupa taka ipasavyo, au ikiwa na mabaharia wagonjwa wanaoendelea kuambukiza, wakaguzi wanaweza kushauri isiondoke bandarini kabisa.

Siku ya ukaguzi yenyewe, usikimbie. Vijana wengi wanaingia chooni au stoo mpaka wakaguzi wapite. Hakuna haja. Mkaguzi akikuuliza, atakuuliza kazi yako: unafanyaje ukijisikia kuumwa tumbo, unachanganyaje dawa, utanionyeshaje kwamba mashine ina joto la kutosha. Atasema Kiingereza cha haraka. Mwombe arudie polepole, hakuna ubaya. Jibu unachokifanya, siyo ulichokariri. Usichokijua sema utamuuliza msimamizi wako, halafu muite pale pale. Mtu anayebuni jibu ndiye anayewafanya wafungue kila kabati.

Utaniuliza mbona huku kwetu husikii mambo ya alama. Meli ya watalii ikifika Mombasa au Zanzibar, maafisa wa afya wa bandari wanafanya kazi chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 2007. Nahodha anatoa tamko la afya ya safari: nani amekufa, nani anaumwa, wagonjwa wamezidi kawaida au la. Meli inaonyesha cheti cha usafi kinachodumu miezi 6, ambacho zamani kilihusu panya tu na sasa kinahusu meli nzima. Hakuna alama kati ya 100, lakini nguvu ipo. Februari 2024 Mauritius iliinyima meli ya Norwegian Dawn ruhusa ya kutia nanga Port Louis kwa hofu ya kipindupindu, kwa sababu ya abiria wachache waliokuwa wakiumwa tumbo. Vipimo vilipotoka, kipindupindu hakikuwepo. Waliolalamika kwamba Mauritius ilikuwa na haraka sikubaliani nao. Kisiwa hakina pa kukimbilia.

Ya mwisho ni pesa ya wakala. CDC inakagua meli, haimpi baharia cheti cha kumruhusu kupanda. Mafunzo ya usafi utayapata melini, bure, siku zako za kwanza, na kampuni itayarudia kila mara. Kuna vyuo vinavyofundisha somo hilo, na kulisoma si vibaya ukitaka, ila hilo ni hiari yako na chuo, siyo sharti la kazi linalokusanywa na wakala. MLC hiyo hiyo inamkataza wakala wa ajira kukutoza ada ya kukutafutia au kukupa kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu yako katika hatua hiyo ni cheti cha afya cha baharia, kitabu cha baharia na pasipoti au hati ya kusafiria ya namna hiyo; viza ni ya mwenye meli. Mafunzo ya lazima ya usalama baharini ni habari nyingine, hayo unayafanya kwenye chuo kilichoidhinishwa na unapewa risiti ya chuo. Chukua pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, maana baadhi ya visiwa vya Karibiani vinaidai kwa mtu atokaye Kenya.

Kwa hiyo usilipe. Mwambie wakala akuandikie barua pepe, aitaje kampuni ya meli inayodai hicho cheti na kifungu cha mkataba wako kinachokisema. Barua hiyo ikija, nitumie niisome.